Samaki walikufa usiku mmoja, mi nikaanza na waliopona

Watu wengi tunaofuga samaki ndani ya nyumba, tukikuta wamekufa kwa mpigo kitu cha kwanza ni kumwaga maji. Naelewa kabisa, mikono inakuwasha, unaona lazima ufanye kitu, basi unashika ndoo unabadilisha nusu tangi, unamimina dawa yoyote iliyopo kabatini, unasugua vioo, baada ya lisaa limoja tangi linang'aa na hujui hata kidogo kilichotokea. Mi siku ile nilikuwa naelekea hukohuko, ila ndoo ilikuwa na nguo zimelowekwa. Katika kuhangaika kutafuta ndoo nyingine ndo nikasimama mbele ya tangi nikaangalia vizuri, na nilichokiona hapo kilinisaidia kuliko vipimo vyote nilivyokuja kufanya baadaye.

Tangi lenyewe ni la lita 180, majani mengi, maji laini, na chujio la nje, lile kopo kubwa linalokaa chini ya stendi lina mabomba mawili moja linavuta maji lingine linarudisha. Lilikuwa limekaa miaka bila vituko. Ndani kulikuwa na anjeli wakubwa, reinbo, kundi la tetra, koridorasi wale wa chini chini, gurami mmoja mzee mkorofi, kamba wadogo wa kula mwani, na konokono ambao hakuna aliyewaalika. Asubuhi ile anjeli wote wamekufa. Reinbo wote wamekufa. Tetra kama nusu hivi, waliobaki wako juu kabisa midomo imegusa uso wa maji. Nilimtoa anjeli mmoja nikamweka kwenye sahani, mdomo umeachama, vifuniko vya mashavu vimefunguka hadi mwisho, yaani alikufa akiwa anatafuta pumzi. Nikainua kile kifuniko nikaangalia matamvua ndani, rangi yake nyekundu ya kawaida, hamna kamasi nyingi, hamna vidonda, mwili safi, mapezi hayajachanika.

Sasa waliopona. Gurami yuko zake konani, anapanda, anavuta hewa, anashuka, hana habari. Koridorasi wanachimba mchanga kama siku zote, ila kila baada ya muda mmoja anachomoka mpaka juu anameza hewa anarudi chini, na walikuwa wanafanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyozoea. Kamba wadogo wamejazana kwenye mizizi ya majani yanayoelea, wakati kwa kawaida asubuhi unawakuta huku chini kwenye magogo. Konokono wamepanda kioo mpaka mstari wa maji, wengine wametoka nje kabisa wameng'ang'ania kioo kikavu. Hapo sikuelewa kitu bado, nikaandika tu nyuma ya bahasha, nani amekufa, nani yuko hai, yuko sehemu gani ya tangi, saa ngapi.

Wakati naandika nyumba nzima imeshaamka na kila mtu anatafuta mchawi. Mama anasema ni yale maji ya bomba, siku hizi yananuka dawa. Mwingine anasema hita imewapika. Mdogo wangu wa kike yeye alikuja kimya kimya, kasimama pembeni, halafu akasema, "Kaka, mi ndo nimewaua. Jana usiku nilipuliza dawa ya mende." Nikamwambia subiri kwanza, usijihukumu. Nikachukua chupa mbili safi za kioo zenye vifuniko, moja nikajaza maji ya tangi mpaka juu kabisa bila kuacha hewa, nyingine maji ya bomba, nikaandika saa, zikaenda kwenye friji. Halafu nikachomeka pampu ya hewa na jiwe lake, maana hiyo haimdhuru mtu yeyote hata kama kisa ni kingine. Maiti mbili nilizifunga kwenye mfuko nikaziweka juu ya barafu, sio kwenye friza, samaki akigandishwa barafu inapasua nyama yake na mtaalamu hawezi tena kusoma kitu cha maana kwenye matamvua. Na usichelewe, kwenye maji ya joto samaki aliyekufa anaoza haraka sana, baada ya nusu siku huyo hana ushahidi tena.

Kesi ya dawa ya mende ndo iliisha mapema kuliko zote, na waliomtoa mdogo wangu hatiani ni kamba. Dawa nyingi za kupuliza wadudu majumbani zina kundi la sumu linaitwa pairethroidi, kwa mtu sio kali sana ila kwa samaki ni balaa, na kwa kamba ni balaa zaidi, kwa sababu kamba na mende mfumo wao wa neva unafanana. Ingekuwa dawa imeingia majini, kamba ndo wangeanza, ningewakuta wamelala ubavu wanatetemeka miguu. Nimewakuta wazima wanakula. Hiyohiyo inafuta na shaba, iwe kutoka kwenye bomba au kwenye dawa za samaki, maana shaba inaanza na kamba na konokono. Nikamwambia mdogo wangu nenda kanywe chai, sio wewe. Hakuniamini sana.

Hita nayo ilikuwa rahisi, kipimajoto kinasoma 29, ni joto la msimu, na tangi limeshakaa siku nyingi kwenye joto hilo bila mtu kufa. Ila hiyo 29 nikaiandika, nikasema isije ikawa na mkono wake. Klorini ya bomba nikaiondoa kwa sababu maji hayakubadilishwa siku hizo, na klorini haingoji, inachoma matamvua palepale unapomimina maji, samaki wanaanza kukimbiakimbia hujamaliza ndoo. Kuna na kloramini, hiyo ni klorini iliyofungwa na amonia, wengi hawajui kwamba haitoki kwa kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha kama klorini ya kawaida, lazima dawa ya kuiondoa. Lakini nayo ingekuja na maji mapya, na maji mapya hayakuwepo. Ugonjwa ndo kabisa haukuingia akilini. Ugonjwa unachukua mmoja leo, wawili kesho, unaanza na mnyonge, unaacha dalili, haupangi tarehe na samaki wa jamii tatu tofauti wote wafe kati ya usiku na asubuhi, tena wale wakubwa wenye afya ndo watangulie.

Nikaja kwenye amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, na hapa ndo watu wengi wanapotea njia. Kipimo kilisoma kama miligramu moja kwa lita. Mtu yeyote aliyesoma kidogo mambo ya samaki akiona namba hiyo anafunga jalada, amonia imewaua, kwisha. Lakini jiulize, amonia ilikuja kabla ya vifo au baada? Samaki waliokufa tangu usiku kwenye maji ya joto wanatoa amonia wenyewe, kwa hiyo asubuhi lazima uikute, hata kama jana yake ilikuwa sifuri. Halafu amonia ina sura mbili, kuna ile yenye sumu kali na kuna amoniamu ambayo samaki anaivumilia, na kinachoamua ngapi iwe ipi ni joto la maji na pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, namba ikishuka tindikali imezidi. Kipimo cha kawaida kinazijumlisha zote mbili. Kwenye pH 7 na nyuzi 25 ile ya sumu haifiki hata asilimia moja ya jumla, ukipanda mpaka pH 8 inafika kama asilimia 5, yaani kila ukipanda ngazi moja inazidi karibu mara kumi. Maji yangu yalikuwa pH 6.8. Miligramu moja ya jumla kwenye maji kama hayo haiwezi kumaliza anjeli wazima usiku mmoja, itawasumbua lakini haiui hivyo.

Na hapo ndo nikashukuru zile nguo kwenye ndoo. Maji yangu ya bomba nilipoyapima yalisoma zaidi ya 8. Ningemwaga nusu tangi nikajaza hayo ya bomba kwa haraka, pH ingeruka, na ile amonia iliyokuwa imelala ingegeuka sumu mbele ya macho yangu, basi tetra waliobaki wangekufa mchana kweupe na mimi ningesema ugonjwa umeendelea. Matangi ya zamani ndo yako hatarini zaidi kwa hili, yale ambayo pH imeshuka polepole miaka kwa miaka bila mtu kupima.

Nitriti, ile ambayo bakteria wanaigeuza kutoka kwenye amonia, ilikuwa sifuri, na hata bila kipimo matamvua yalishasema, nitriti ikizidi damu inageuka rangi ya kahawia na matamvua nayo yanakuwa ya kahawia, yangu yalikuwa mekundu. Nitrati, ambayo nitriti inaishia kuwa, iko juu kidogo, kawaida ya tangi langu. Oksijeni sasa, kwa kuwa ile midomo iliyoachama ilikuwa inanisumbua tangu mwanzo, nikapima nayo, ikasoma vizuri kabisa. Hapo nikakwama. Kila dalili inasema wamekosa pumzi, gurami anapona kwa sababu ana kiungo chake maalum cha kupumulia hewa ya juu, koridorasi wanapona kwa sababu wanameza hewa na utumbo wao unainyonya, konokono wanatoka nje ya maji, wadogo wanabaki kwa sababu mtu mdogo anaweza kujibana kwenye ule utando mwembamba wa juu wenye hewa kidogo, wakubwa wanatangulia kwa sababu hawatoshi hapo. Hii ya wakubwa kutangulia hata wafugaji wa mabwawa wanaijua, ni alama yao ya kwanza. Lakini chujio linazunguka, maji yanarudi kwa kishindo, kipimo kinasema oksijeni ipo. Sasa imekosekana saa ngapi?

Jibu lilikuwa nyuma ya stendi. Taa za tangi zinawashwa na taimeri ya kuzunguka, ile yenye vijino pembeni unavibonyeza kwenye saa unazotaka taa iwake. Taa huwaka saa mbili asubuhi. Nimezama kwenye vipimo vyangu mpaka mama akauliza hizo taa mbona leo hamjawasha, kuangalia saa ya ukutani ni karibu saa nne. Nikainama na tochi ya simu, taimeri inazunguka vizuri, haijaharibika, ila mshale wake unasoma saa kumi na moja alfajiri. Karibu masaa matano hayapo. Jana yake taa ziliwaka kwa wakati. Jirani ana mtoto mchanga, halali, nikamuuliza akasema ndio umeme ulikatika kama saa sita usiku, ukarudi karibu na saa kumi na moja, we hukujua? Sikujua, nyumba nzima ilikuwa imelala, tumeamka kila kitu kinawaka.

Ukishajua hilo mambo yanajipanga yenyewe. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, yakifika 30 yanabeba kama 7.5, kwa hiyo tangi langu la 29 lilianza usiku likiwa na akiba ndogo kuliko miezi ya baridi, na samaki kwenye joto anahitaji pumzi zaidi sio pungufu. Majani nayo, watu tunayaona ni kiwanda cha oksijeni, ni kweli, taa ikiwaka. Taa ikizimwa yanavuta oksijeni kama samaki, ndo maana tangi au bwawa lenye majani mengi oksijeni inakuwa chini kabisa kabla ya kupambazuka. Siku zote nilikuwa sioni tatizo kwa sababu bomba la chujio linachafua uso wa maji usiku kucha na hewa inaingia. Umeme ukikatika uso unatulia, ule utando wa mafuta mafuta unatanda juu, hakuna kinachoingia, na ndani samaki, majani, vijidudu vya mchangani wote wanavuta. Tangi langu lilikuwa limejaa, hilo nalisema wazi, ila na chujio likizunguka lilikuwa linamudu bila wasiwasi. Halafu umeme umerudi, chujio limewaka, hewa imeingia tena, mpaka mimi nakuja na kipimo changu saa mbili asubuhi ushahidi umeshajifuta. Kilichobaki cha kupima ni amonia ya maiti.

Lakini bado kulikuwa na kitu kinanikera, tetra wawili walikufa mbele yangu asubuhi, wakati hewa ipo, na wote walikuwa upande wa bomba linalorudisha maji. Nikaanza kuliangalia kopo la chujio kwa jicho lingine. Ndani ya lile kopo kuna sponji na vigae vidogo vya udongo, kumejaa bakteria wanaokula amonia, na bakteria hao wanahitaji oksijeni muda wote. Kopo limefungwa haliingizi hewa. Maji yakisimama mle ndani wanamaliza oksijeni yote upesi, wanaanza kufa, na uchafu uliotuama unaanza kuoza bila hewa, huko ndo inatoka ile gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, ambayo kwa samaki ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Umeme ukirudi pampu haikuombi ruhusa, inasukuma yote hayo kwenye tangi kwa mpigo mmoja.

Nikalijaribu. Siku nyingine hali imetulia, nimeweka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa kama akiba, nikazima lile la kopo mchana makusudi, nikafunga vilango vya mabomba, nikaliacha masaa machache, pungufu ya yale ya usiku ule. Nikalifungua bafuni. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu na yana harufu ambayo haikuwepo nilipolisafisha mara ya mwisho likiwa linafanya kazi. Nikayapima oksijeni, ikasimama kwenye rangi ya chini kabisa ya kadi. Maji ya tangi muda huohuo yalikuwa juu. Lita kadhaa za maji ya aina hiyo zikimwagika kwenye tangi ambalo samaki wameshachoka na wako karibu na bomba, mi naona hao tetra wawili hawakuwa na bahati tu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuchosha zaidi kuliko ya akili. Bakteria wengi wa chujio walikufa kwa hiyo amonia ilipanda tena baada ya siku chache ingawa maiti nilishatoa zote, ikafuatiwa na nitriti, yaani tangi la miaka likawa linaanza upya. Sponji nililikamua kwenye maji yaleyale ya tangi, sio ya bomba, klorini ingemaliza wale waliobaki. Chakula nikapunguza sana, maji nikawa nabadilisha kidogo kidogo kila siku, ndoo moja ndogo kwa wakati ili pH isiruke, nikilinganisha joto. Tetra waliobaki hawakufa hata mmoja. Gurami alinenepa kwa kukosa wapinzani.

Swala la umeme kukatika usiku na wewe umelala huwezi kulimaliza kwa kuwa makini, mtu aliyelala hawezi kuwa makini. Nilichofanya ni kununua pampu ndogo ya hewa ya betri ambayo unaichomeka kwenye soketi, umeme ukikatika inawaka yenyewe, ukirudi inazima. Hiyo inashughulikia pumzi. Kwa chujio, sponji ya ndani nimeiacha moja kwa moja, hewa ya betri inaizungusha na bakteria wake hawafi, hata kopo likipata matatizo tangi lina chujio la pili lililo hai. Na kopo nimelitoa kwenye soketi ya kawaida, liko kwenye swichi ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki mpaka mtu aje abonyeze, kwa hiyo nikiamka nikakuta kopo limezima najua usiku kulitokea nini, naangalia taimeri ya taa imechelewa kiasi gani, ikiwa ni zaidi ya lisaa limoja hivi nalifungua nalimwaga kabla ya kuliwasha. Na usiku wowote umeme ukikatika wakati niko macho na pampu haipo, kikombe tu kinatosha, unachota maji unayamwaga kutoka juu, unarudia, mikono inauma ila uso wa maji unachafuka na ndo kinachotakiwa.

Kilichobaki ni mdogo wangu na dawa yake ya mende. Safari ile kamba walimsafisha, lakini nikamwonyesha pampu ya hewa, inavuta hewa ya chumba kwa chini na kuipeleka moja kwa moja mpaka kwenye jiwe ndani ya maji, kwa hiyo chochote kilichopulizwa sebuleni inakipeleka huko. Sasa hivi akitaka kupuliza anaanza kwa kuzima pampu, anafunika tangi kwa shuka, anafungua madirisha, na anasubiri harufu iishe ndo awashe tena. Mimi chujio la kopo naliacha linazunguka muda wote huo, lenyewe halivuti hewa ya nje.